Kuuza nyumba Mombasa wakati pesa imeadimika, kisha kwenda kupumzika Tanga: mwongozo kamili

Mwezi Oktoba 2023 mamangu alitukalisha barazani Kisauni, sisi watoto wake wanne, akatwambia nyumba iuzwe. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka 2019. Vyumba vya uani havikuwa na wapangaji, karo za wajukuu zilikuwa zimelimbikizana, na dawa za sukari hazingojei. Tulidhani ni kazi ya miezi mitatu. Ilituchukua kumi, na sita kati ya hiyo ilipotea kwa makosa ambayo hadi leo nayaona kwa jamaa na majirani: hati yenye jina la marehemu, bei ya kutamani, pesa iliyogawanywa mdomoni kabla haijaingia benki. Nimeyaandika hapa kwa utaratibu ambao ningependa mtu anieleze siku ile.

Nimeunganisha pia mambo mawili ambayo watu huyaweka mbalimbali, kuuza nyumba na kwenda mapumzikoni nje ya nchi. Sababu yake utaiona mbele. Kwetu sisi, safari ya siku sita ng'ambo ya mpaka ndiyo iliyookoa pesa ya nyumba.

Kabla ya yote: kuna lazima?

Soko likilala, mwenye shida ndiye anayepunjwa. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na mkopo wa kununua nyumba ukawa ghali kuliko hapo. Mwenye mshahara naye alikuwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, juu ya makato mengine. Wanunuzi wa mkopo wakapungua, wakabaki wenye pesa mkononi, na hao hawana haraka hata kidogo. Kuanzia Agosti 2024 riba ilianza kushushwa, lakini ikishuka Nairobi haimaanishi kesho mtu atabisha hodi Kisauni.

Basi jiulize kwanza kama shida yako ni ya nyumba au ni ya mwaka huu tu. Kama ni deni dogo, pengine vyumba viwili vya uani vikitengenezwa choo na maji vitalilipa. Kama ni mkopo, nenda benki ukaombe muda zaidi wa kulipa kabla hujakosa awamu ya kwanza, si baada ya tatu. Ukiona hakuna njia, uza, na uamuzi huo ufanyike na wote wenye haki, kwa maandishi, siku moja. Sisi tulifanya kwa mdomo. Miezi miwili baadaye ndugu yangu mmoja akasema hakuwa ameelewa hivyo.

Hatua ya kwanza: jua hasa unachouza

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na bara, na hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu nyumba nyingi hazikosi mnunuzi. Hukosa karatasi.

Chukua hati yako uisome kama unayeiona mara ya kwanza. Je, ni milki ya daima, au ni ya kukodi kutoka serikalini kwa miaka 99? Kama ni ya kukodi, imebaki miaka mingapi? Iliyobakisha miaka michache humtisha mnunuzi na benki yake, na huenda ikabidi uombe iongezwe kabla ya kuitangaza. Kama ni fleti, uliza kama ina hati yake ya sehemu, yaani hati ya fleti hiyo peke yake, chini ya sheria ya mwaka 2020, au kama bado imefungwa ndani ya hati mama ya jengo zima.

Halafu ziko nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, nyumba nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Ni desturi ya miaka mingi yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, na nyumba hizo huuzwa kila siku. Lakini usimwambie mnunuzi unauza "ploti". Kwanza mtafute mwenye ardhi au wakala wake, umalize malimbikizo yote ya kodi na upewe stakabadhi. Kisha omba barua inayosema anamtambua mnunuzi mpya na kiasi cha kodi atakachokuwa akilipa. Baadhi ya wenye ardhi hudai ada nyumba ikibadilisha mkono, kwa hiyo uliza mapema ili ujue nani ataibeba. Mkataba utiwe saini na pande tatu mbele ya wakili. Na kubali jambo moja: benki kwa kawaida haikopeshi kwa nyumba ya namna hii, kwa hiyo mnunuzi wako ni wa pesa taslimu tu, na bei itakuwa ya chini sana kuliko ya jirani mwenye hati.

Nyumba ya wakfu ni habari nyingine kabisa. Kama babu aliiweka wakfu, hata kama ni kwa ajili ya kizazi chake, haiuzwi kama mali ya mtu. Pitia Tume ya Wakfu Mombasa kabla hujapokea shilingi ya mtu yeyote.

Mwisho kuna mirathi, na hapa ndipo sisi tulipokwama. Hati ilikuwa na jina la baba. Tulikuwa na cheti cha kifo, tulikuwa na maelewano, na tulidhani yatosha. Hayatoshi. Mtu aliyefariki hauzi, na warithi hawauzi mpaka mahakama iwape mamlaka. Kwa Waislamu, mahakama ya Kadhi husikiza mirathi wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kwenda huko. Wengine huenda mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu. Kwa utaratibu wa sheria ya urithi, msimamizi akishapewa barua kwa kawaida hungoja miezi 6 ndipo zithibitishwe na mali igawanywe. Tulimpata mnunuzi wa kwanza Desemba 2023, mtu mwema, akaiona nyumba mara mbili na mkewe. Alipouliza nani atatia saini, tukatazamana. Akangoja, akachoka, akanunua Bamburi.

Kama nyumba ya wazazi wako bado ina jina la marehemu, anza mirathi wiki hii hata kama huna nia ya kuuza. Wala usingoje ndugu wote warudi kutoka Uarabuni. Aliye nje anaweza kumpa mtu uwakala wa kisheria kwa maandishi yaliyothibitishwa ubalozini, kisha uandikishwe hapa nyumbani.

Hati ikiwa sawa, fanya sachi, yaani upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, wewe mwenyewe muuzaji kabla mnunuzi hajafanya. Utaona anachokwenda kuona: jina, rehani, zuio la mtu aliyewahi kudai. Lipa reti za kaunti, yaani kodi ya mali, lipa kodi ya ardhi ya serikali kama hati ni ya kukodi, na uchukue vyeti vya kuonyesha hudaiwi. Mke au mume lazima akubali kwa maandishi kama hiyo ndiyo nyumba ya ndoa. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 haikuachii uiuze peke yako. Weka vyote ndani ya faili moja. Mnunuzi anapouliza swali ukamfungulia faili, utamwona anavyokaa vizuri kitini.

Ikiwa nyumba iko rehani na umeanza kukosa awamu

Sehemu hii isome taratibu, kwa kuwa hofu hufanya watu wakae kimya mpaka dalali wa mnada abandike karatasi mlangoni.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki haiwezi kuamka asubuhi ikauza. Ikupe kwanza ilani ya miezi 3 ya kurekebisha deni. Isipolipwa, hufuata ilani ya siku 40 ya kusudio la kuuza. Dalali wa mnada naye hutoa taarifa yake ya siku 45. Jumla ni zaidi ya miezi 5, na hiyo ni miezi yako. Itumie kutafuta mnunuzi mwenyewe. Andikia benki barua kwamba unaomba kuuza kwa makubaliano ya hiari, ambatisha tathmini ya mthamini aliyesajiliwa na tangazo lako. Benki nyingi hupendelea hivyo, kwa sababu mnada una gharama na kesi.

Ukimpata mnunuzi, wakili wake huiahidi benki yako kwa maandishi kwamba pesa ya deni italipwa moja kwa moja, benki nayo inaachilia hati na kufuta rehani. Kilichozidi ni chako. Hata mnada ukifika, sheria inaitaka benki itafute bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, hapo mahakama huanza kwa kuichukulia benki kwamba haikutimiza wajibu huo, na ni juu yake kujitetea. Lakini usipange maisha yako juu ya kesi. Panga juu ya ile miezi 5.

Hatua ya pili: bei

Sisi tulianza na bei ambayo jirani aliyekuwa anauza alikuwa ameitaja. Hatukuuliza kama aliuza. Hakuuza, na hata leo bado anatafuta mnunuzi.

Mlipe mthamini aliyesajiliwa, akupe ripoti ya maandishi. Kisha tafuta mwenyewe nyumba tatu zilizouzwa kweli ndani ya mwaka mmoja, mtaa uleule, ukubwa unaokaribiana, na uulize bei iliyolipwa. Mawakili, majirani waliohama na wazee wa mtaa wanajua. Bei inayotajwa kwenye tangazo si bei. Amua namba mbili, ya kutangaza na ile ambayo hushuki chini yake, na ya pili ijulikane na mtu mmoja tu wa familia anayezungumza na wanunuzi. Tofauti baina yake isiwe kubwa. Kwa wakati mgumu, ukiongeza sana ili "upate nafasi ya kupunguza", mnunuzi wa kweli hata simu hapigi.

Wiki tatu zikipita bila mtu kuja kuona, tatizo ni bei au ni picha. Watu wakija wengi na hakuna anayetoa neno, tatizo liko ndani ya nyumba au ndani ya faili. Ukipunguza, punguza mara moja kiasi kinachoonekana. Kupunguza kidogo kidogo kila wiki kunamfundisha mnunuzi kungoja.

Hatua ya tatu: itengeneze kwa pesa kidogo

Usiweke marumaru mpya wala jikoni jipya, gharama hiyo haitarudi. Mnunuzi wa Mombasa hutazama maji kwanza. Kama una tangi, kisima au laini ya kaunti inayotoka kweli, mwonyeshe bomba likitiririka. Pili hutazama chumvi. Ukuta uliobabuka kwa chini na nondo zilizoanza kutoa kutu darini huonekana na kila mtu wa Pwani, kwa hiyo kwangua, ziba, piga rangi nyeupe, na sema ukweli ulipotengeneza. Tatu ni paa. Tengeneza mabati kabla ya masika, kwa maana mnunuzi mwerevu atarudi siku ya mvua kubwa ya Aprili au Mei makusudi aone.

Ondoa vitu. Kabati la marehemu, magodoro ya akiba, baiskeli mbovu ukumbini. Kwa mama ilikuwa kazi nzito kuliko yote, na hatukumharakisha. Tulimpa Ijumaa tatu, kabati moja kwa wakati.

Hatua ya nne: kumpata mnunuzi

Dalali wa nyumba anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya serikali ya madalali wa nyumba. Muulize namba yake na umpe mamlaka kwa maandishi, muda maalum, ada maalum, inayolipwa nyumba ikishauzwa. Ada ya asilimia 3 au karibu yake ni ya kawaida. Usikubali kulipa "pesa ya kumleta mteja". Dalali mmoja tuliyemwamini alikuwa akiwatajia wanunuzi bei ya juu kuliko yetu ili ajazie mfuko wake, na tulijua tu baada ya mwanamke mmoja kutupigia simu moja kwa moja. Tangu siku ile bei yetu tuliiandika ndani ya tangazo.

Picha zipigwe saa mbili asubuhi, madirisha yote wazi. Andika ukubwa wa kiwanja, aina ya hati, maji, na kama gari linafika mlangoni. Neno "hati ipo tayari kwa jina la muuzaji" lina nguvu kuliko sifa kumi.

Wafikirie walio nje. Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na wengi wana hamu ya nyumba Pwani. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na mtu wa Doha au London aliona nyumba yetu rahisi kuliko tulivyoiona sisi. Baadaye ilishuka hadi karibu 130. Mnunuzi wa namna hii hufika Desemba, au hutuma dadake. Andaa video ya dakika tano unayotembea nyumba nzima bila kukata, na mkaribishe atume wakili wake mwenyewe.

Sisi tulimpata wetu hivyo, mtu wa Kisauni hapohapo aliyekuwa anafanya kazi Muscat. Alisoma na kakangu.

Hatua ya tano: mkataba, kodi, na njia ya pesa

Kila upande uwe na wakili wake. Kushirikiana wakili mmoja ili kuokoa pesa kumewaumiza wengi. Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 ya kufunga mkataba, pesa hiyo hushikwa na wakili wa muuzaji wala haiguswi, na iliyobaki hulipwa ndani ya siku 90 hati ikihamishwa. Usikabidhi funguo kabla ya malipo ya mwisho, na usimruhusu mnunuzi "aanze ukarabati kidogo". Pesa yote ipite benki. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, na mfuko wa noti hauna ushahidi.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani. Muuzaji hulipa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, si 5 kama zamani. Lakini inakatwa kwenye faida, si kwenye bei nzima, na hapa watu hupoteza pesa kwa kutohifadhi stakabadhi. Tuseme ulinunua kwa 4,000,000, ukaongeza vyumba kwa 1,200,000 na una risiti. Unauza kwa 9,000,000, wakili 150,000 na dalali 270,000. Toa gharama za kuuza, inabaki 8,580,000. Toa 5,200,000 ulizotia. Faida ni 3,380,000, na kodi yake ni 507,000. Bila zile risiti za vyumba ungelipa 180,000 zaidi.

Kuna misamaha. Ukiwa umeishi mwenyewe ndani ya nyumba hiyo miaka 3 mfululizo hadi siku ya kuiuza, kodi hiyo haikuhusu. Kwa mtu binafsi, ardhi inayohamishwa kwa thamani isiyozidi shilingi 3,000,000 nayo imesamehewa. Mwambie wakili wako akutazamie hili mapema, wala usiingoje siku ya kuhamisha hati.

Hatua ya sita: siku pesa inapoingia

Hapa ndipo safari inapoingia.

Habari ya nyumba iliyouzwa haifichiki mtaani. Siku ya pili tu mama alianza kupokea wageni. Binamu ana biashara ya kuku, shemeji ana ploti ya bei rahisi Vipingo, jirani anataka kukopeshwa mwezi mmoja tu. Wote watu wetu, wengine wana shida za kweli. Mtu aliyetoka kuachana na nyumba ya miaka thelathini hana nguvu ya kusema hapana mara kumi kwa siku.

Tulikuwa tumeandika karatasi kabla ya mkataba, ikatiwa saini na sote: deni kiasi gani, karo kiasi gani, fungu la kila mrithi, fungu la nyumba ndogo ya mama, na shilingi 45,000 za safari. Iliyobaki ikawekwa akaunti ya muda maalum ya miezi 3, ambayo hata mama mwenyewe hangeweza kuitoa kwa siku moja. Kisha tukaweka sharti: siku 40, hakuna kununua chochote kikubwa wala kumkopesha yeyote. Na wiki ya kwanza ya hizo siku 40, mama asiwepo.

Ikiwa safari inaonekana kama anasa kwa aliyeuza nyumba kwa dhiki, zingatia kiasi. Sisi watu wanne tulitumia chini ya nusu ya asilimia moja ya bei. Ploti ya Vipingo, tulikuja kujua, ilikuwa na kesi.

Hatua ya saba: kuvuka mpaka kwa bajeti ndogo

Tulichagua Tanga kwa sababu iko karibu, lugha ni moja, na chakula mama anakijua. Ukitaka kwingine, Uganda na Rwanda humpokea Mkenya kwa kitambulisho tu tangu 2014. Tanzania yataka pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria cha Afrika Mashariki, ambacho unaombea idara ya uhamiaji kwa bei ndogo. Viza hakuna. Beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Aliyechanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu 2016 kadi hutambuliwa maisha yote. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine.

Kutoka Mombasa hadi Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, ni kama kilomita 105, na kutoka Horohoro, upande wa Tanzania, hadi Tanga mjini kama 65. Ukiondoka alfajiri, unakula mchana Tanga. Mpakani ukaguzi wa nchi mbili hufanyika ndani ya jengo moja, upande unaoingia, kwa hiyo usishangae kupita upande wa Kenya bila kupigwa muhuri. Hakikisha tu umepata mihuri yote miwili kabla ya kupanda basi tena. Badilisha pesa dirishani au benki, usibadilishe na vijana wa kando ya basi. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za Tanzania, na hesabu rahisi ni kukata sifuri moja kisha kugawa kwa mbili.

Kwa malazi, uliza gesti, si hoteli. Gesti safi ya mjini yenye feni, chandarua na chai ya asubuhi ilitugharimu shilingi za Tanzania 35,000 kwa chumba. Ona chumba kabla ya kulipa, fungua bomba, funga mlango. Lipia usiku mmoja kwanza.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, na mwongozaji huingia nawe na taa. Mzee asiyeweza kuinama akae nje chini ya miti, ni pazuri pia. Kusini kuna magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, yanayofanana na yetu ya pwani ya Kenya hata mama akauliza kama ni jamaa. Pangani iko mbele zaidi, kiasi cha kilomita 50, mji mtulivu wa mtoni, ambako Abushiri aliongoza watu dhidi ya Wajerumani mwaka 1888. Nenda asubuhi, rudi jioni.

Sisi tulilala Tanga siku mbili, kisha tukapanda basi la Lushoto. Barabara ya kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda milima ya Usambara, kona juu ya kona. Anayechafukwa moyo akae mbele na asile mihogo kabla. Juu kule Agosti kuna baridi ambayo mtu wa Mombasa hakuijua, chukua sweta na soksi. Mboga na matunda ni rahisi sana sokoni, tulikuwa tukinunua na kumpa mama wa gesti atupikie kwa malipo kidogo, na hiyo ndiyo iliyoshusha gharama kuliko jambo lolote. Kwenda Irente kutazama bonde tulitembea kwa miguu, mama akapelekwa na bodaboda polepole.

Simu ya mama tuliiacha Mombasa kwa dadangu. Nakushauri ufanye vivyo hivyo, na namba ya safari wapewe watu wawili tu, mmoja wao wakili.

Siku ya nne, tumekaa Irente, mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Chumba chake. Chumba cha mgeni. Jiko lenye dirisha. Baraza, lazima baraza. Maji. Akasema viwili vinatosha, na viwe Mtwapa karibu na dadake, wala si Vipingo. Nikamwazima kalamu akaandika nyuma ya tikiti ya basi. Jumatatu tuliporudi, tikiti ile ndiyo niliyompelekea wakili.